Wahitimu na somo la Nyange: Uzalendo hupimwa saa ya hatari

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka mitihani ya taifa inapomalizika, maelfu ya vijana wa Rwanda wanaohitimu kidato cha sita huvua sare za shule, hukunja magodoro yao na kurudi nyumbani. Wazazi hufurahi. Wapo wanaochinja kuku, na wapo wanaokopa ili majirani wapate angalau soda moja moja. Kwa mama aliyemsomesha mwanawe kwa kuuza nyanya na dagaa pale Rusumo, Gatuna au Rubavu, siku hiyo ni sawa na kulipwa deni la miaka mingi.

Katika sherehe hizo hotuba hazikosi. Wahitimu huambiwa waipende nchi yao, wamche Mungu na wawe raia wema. Vijana hupiga makofi, picha hupigwa, kila mtu akaenda zake. Ni maneno mazuri, wala hakuna mzazi anayeweza kuyapinga.

Hata hivyo, maneno mazuri yakirudiwa sana huzoeleka mpaka yakakosa uzito. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Basi ni vema tuulize: kuipenda nchi, kumcha Mungu na kuwa raia mwema maana yake ni nini siku ambayo mambo hayo yanadai gharama?

Kwa bahati, na kwa huzuni pia, Rwanda haina haja ya kutafuta jibu mbali. Jibu lilitolewa na wanafunzi wenyewe, wakiwa darasani, na umri wao haukupishana sana na wa wahitimu wa leo.

Usiku wa Machi 18, 1997

Nyange iko Wilaya ya Ngororero, Mkoa wa Magharibi, katika nchi ya milima. Mwaka 1997 shule ya sekondari ya hapo ilikuwa na wanafunzi wa bweni. Usiku wa Machi 18 mwaka huo walikuwa wamerudi madarasani kujisomea, kama wanafunzi wa bweni wafanyavyo kila siku.

Ilikuwa yapata saa mbili za usiku iliposikika milio ya risasi. Watu wenye silaha waliingia darasani. Walikuwa waasi ambao Wanyarwanda waliwaita abacengezi, yaani wapenyezaji: mabaki ya jeshi la zamani na Interahamwe ambao mwaka huo walikuwa wakishambulia vijiji, magari na shule katika maeneo ya magharibi na kaskazini.

Amri yao ilikuwa fupi. Wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine.

Wanafunzi wakakataa. Marie Chantal Mujawamahoro, msichana wa kidato cha sita, anakumbukwa kuwa ndiye aliyewajibu kwamba pale hapakuwa na Wahutu wala Watutsi, wote walikuwa Wanyarwanda. Alipigwa risasi. Washambuliaji walifyatua risasi na kurusha guruneti. Wanafunzi wa kidato cha tano nao walipewa amri ileile, nao wakakataa.

Wanafunzi sita waliuawa. Wengine wengi walijeruhiwa, na baadhi yao wanaishi na ulemavu hadi leo.

Ndugu msomaji, hapa pana jambo ambalo ni rahisi kulipita bila kulitazama. Katika madarasa yale walikuwamo vijana wa Kihutu ambao wangeweza kuinuka, wakasogea hatua tano, wakaokoka. Hakuna ambaye angewalaumu hadharani. Risasi hazikuwa zao. Walikaa palepale, pamoja na wenzao. Mujawamahoro na wenzake hawakufa kwa sababu ya kabila walilozaliwa nalo. Walikufa kwa sababu ya jibu walilotoa.

Taifa limewaweka wanafunzi wa Nyange, waliokufa na waliobaki hai, katika daraja la mashujaa liitwalo Imena. Wamo humo pamoja na Mfalme Mutara III Rudahigwa, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, Michel Rwagasana na Félicité Niyitegeka. Kila Februari 1, Siku ya Mashujaa, majina yao hutajwa.

Darasa la mchanganyiko

Wale waliorejea nchini miaka ile wanakumbuka shule za Rwanda zilivyokuwa. Ndani ya darasa moja alikuwamo mtoto aliyeokoka mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, hana baba wala mama. Kwenye dawati la pili alikaa mtoto ambaye baba yake alikuwa gerezani akituhumiwa kuua. Nyuma yao walikuwapo waliozaliwa ukimbizini Uganda, Burundi, Tanzania au Zaire, wengine wakijua Kiswahili kuliko Kinyarwanda.

Mwezi Novemba 1996 pekee mamia ya maelfu ya wakimbizi walirudi kutoka Zaire kwa miguu, na Desemba wengine kwa mamia ya maelfu wakavuka daraja la Rusumo kutoka Tanzania. Kwa hiyo miezi minne tu kabla ya shambulio la Nyange, nchi nzima ilikuwa bado inajifunza kukaa pamoja.

Utani nao haukukosa. Waliotoka Uganda waliitwa Abasajya. Waliotoka Zaire wakaitwa Abadubai, kwa kufananishwa na bidhaa za Dubai ambazo hazikusifiwa kwa kudumu. Wengi walicheka. Lakini kila aliyeitwa jina la namna hiyo anajua kwamba utani unaweza kumchoma mtu, na kwamba kutengana huanza na majina madogo madogo kabla ya kufika kwenye makubwa.

Ndiyo maana jibu la Nyange si jambo la kubuniwa kwa sekunde kumi, mtu akiwa ameelekezewa bunduki. Lilikuwa limekwisha kutayarishwa katika siku za kawaida: kula sahani moja, kuazimana madaftari, kufagia bweni kwa zamu, kugombana na kupatana. Usiku ule ulifichua tu kilichokuwa kimejengwa mchana.

Hili ndilo somo la kwanza kwa mhitimu. Hakuna mtu awaye shujaa ghafla. Saa ya hatari ikifika, mtu hutoa kile alichojizoeza.

Cheti peke yake hakitoshi

Wazazi wengi huamini kwamba mtoto akisoma sana atakuwa mtu mwema. Historia ya Rwanda inatuonya tusikimbilie kusema hivyo.

Ferdinand Nahimana alikuwa mwanahistoria, mwalimu wa chuo kikuu, mwenye shahada ya udaktari aliyoipata Paris. Ndiye mmoja wa waanzilishi wa redio RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993 na ambayo mwaka 1994 ilitaja watu wa kuuawa na mahali walipojificha. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokuwa Arusha nchini Tanzania, ilimtia hatiani Desemba 2003, na mwaka 2007 mahakama ya rufaa ikampa kifungo cha miaka 30. Elimu yake haikumzuia. Ilimpa uwezo mkubwa zaidi wa kudhuru.

Kwa upande mwingine yuko Agathe Uwilingiyimana, naye msomi, mwalimu wa kemia. Alipokuwa waziri wa elimu ya msingi na sekondari kuanzia mwaka 1992, aliondoa utaratibu wa kugawa nafasi za shule kwa kabila, akataka mtoto aingie sekondari kwa alama zake. Alichukiwa kwa hilo. Mwaka 1993 akawa Waziri Mkuu, na Aprili 7, 1994, siku ya kwanza ya mauaji, askari walimuua.

Wasomi hawa wawili waliishi nchi moja, wakati mmoja. Mmoja alitumia elimu kuwagawa watu, mwingine aliitumia kumfungulia mtoto wa mtu mwingine mlango wa shule. Mhitimu anayepokea cheti leo anapaswa kujiuliza atafuata njia ya nani, kwa maana cheti chenyewe hakitamchagulia.

Imani na majaribu yake

Katika hotuba za kuwaaga wahitimu, neno la pili baada ya nchi ni Mungu. Nalo linahitaji kusemwa kwa ukweli.

Nyange hiyohiyo ambako wanafunzi walikataa kutengana mwaka 1997, ndiko kulikokuwa na parokia ambamo, Aprili 1994, Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisani wakidhani nyumba ya Mungu itawalinda. Aprili 16 kanisa hilo lilibomolewa kwa tingatinga wakiwa ndani. Padri Athanase Seromba, aliyekuwa akihudumu hapo, alihukumiwa na mahakama ya Arusha. Mwaka 2006 alipewa kifungo cha miaka 15, na katika rufaa, Machi 2008, kifungo hicho kikawa cha maisha.

Mahali ni pamoja, na kati ya matukio hayo mawili haikupita hata miaka mitatu. Aliyevaa kanzu ya upadri alishiriki kuwaangamiza waliomkimbilia, na vijana wasio na cheo chochote wakakubali kufa pamoja na wenzao. Kwa hiyo mtu akikuambia yeye ni wa dini, sikiliza, kisha tazama anamfanyia nini aliye dhaifu.

Lakini isisemwe kwamba imani ilishindwa kwa kila mtu. Wafanyabiashara wanaopita Rubavu kwenda Goma wanaijua njia ile. Hapo mjini, ulipokuwa ukiitwa Gisenyi, aliishi Félicité Niyitegeka, mtumishi wa Kanisa aliyesimamia kituo cha Saint-Pierre. Alikuwa Mhutu. Mauaji yalipoanza alificha watu kituoni na kuwasaidia wengine kuvuka mpaka kuingia Zaire.

Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimtumia ujumbe wa kumtaka aondoke ili aokoke. Félicité alimjibu kwa barua kwamba hawezi kujiokoa na kuwaacha watu 43 aliokuwa nao, na kwamba ni afadhali afe pamoja nao. Aprili 21, 1994 walichukuliwa na kupelekwa kuuawa makaburini, naye akiwa miongoni mwao.

Waislamu wa Rwanda nao wana kumbukumbu yao. Katika mitaa kama Biryogo na Nyamirambo jijini Kigali, wengi waliwaficha majirani wasiokuwa wa dini yao, wakiamini mafundisho kwamba anayeokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote. Walikuwapo pia Waislamu waliopotoka, kama walivyokuwapo Wakristo. Jina la dini halikumlinda mtu asitende dhambi. Kilichomlinda ni kuyachukua mafundisho ya dini yake kwa moyo wake wote.

Kijana anayeondoka shuleni basi asiambiwe tu aende kanisani au msikitini. Aambiwe pia kwamba ibada inayomwacha amchukie jirani yake haijamfikisha popote.

Uzalendo wa kweli na wa bandia

Hapa tufike kwenye jambo zito zaidi. Vijana waliosimama kwenye vizuizi vya barabarani mwaka 1994 wakiwa na mapanga, nao waliambiwa kwamba ni wazalendo. Waliimba nyimbo, walivaa sare za chama, walihudhuria mikutano. Kuua kuliitwa "kazi", neno lilelile ambalo watu walikuwa wamelizoea katika umuganda, kazi za pamoja za kijiji. Wengi walitii kwa sababu mkubwa amesema.

Ikiwa wauaji walijiita wazalendo, kijana wa leo atautambuaje uzalendo wa kweli?

Nyange inatupa kipimo chepesi. Uzalendo wa kweli hukuweka karibu na jirani yako na kukutaka umlinde, hata kwa gharama yako. Uzalendo wa bandia hukutaka umtenge, umpe jina, umuonee, halafu hukuahidi kwamba wewe utasalimika. Mtu yeyote akija na wito wa kuipenda nchi ambao ndani yake kuna kundi la raia wa kuchukiwa, mhitimu ajue kwamba amekwisha kuusikia wito huo katika historia, na mwisho wake anaujua.

Kipimo hicho kinahusu pia majirani wa nje. Kuipenda Rwanda si kumchukia Mkongo, Mrundi, Mganda au Mtanzania. Wafanyabiashara wa mpakani wanajua bei ya chuki kuliko mtu mwingine yeyote, maana serikali zinapokosana wao ndio hukosa chakula kwanza. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa Februari 2019 haukufunguliwa tena hadi Januari 31, 2022. Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024. Kila mara kuna mama aliyebaki na mzigo unaooza, na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Na isisahaulike kwamba wengi wa waliorejea walinyonyeshwa, wakasomeshwa na kuzikiwa wazee wao katika nchi hizo hizo. Mtu anaweza kuipenda nchi yake bila kusahau aliyempa maji alipokuwa na kiu.

Kiswahili chenyewe ni ushahidi. Lugha hii, ambayo mwaka 2017 iliingizwa katika lugha rasmi za Rwanda, wengi waliibeba kutoka ukimbizini pamoja na vyungu na mikeka. Leo ndiyo inayowauzia bidhaa sokoni. Kijana anayeijua asiione kama alama ya ugeni. Ni mali aliyoachiwa na wazazi wake.

Mazoezi ya kila siku

Ikiwa mtu hutoa alichojizoeza, basi wajibu wa raia ndilo zoezi lenyewe. Nao hauna mbwembwe.

Rwanda imeweka taratibu zake. Itorero, chuo cha malezi kilichokuwapo enzi za wafalme, kilirudishwa mwaka 2007. Tangu mwaka 2013 vijana wanaomaliza sekondari huitwa katika urugerero, kipindi cha kujitolea kwa taifa. Huko husaidia kujenga nyumba za wasiojiweza, kutengeneza bustani za mboga kwa familia zenye watoto wenye utapiamlo na kuhamasisha watu kujiunga na mituweli, bima ya afya ya jamii.

Wapo vijana wanaoliona jambo hili kama kupoteza muda. Lakini kijana aliyekanda udongo wa nyumba ya bibi asiye na mtu, akajua jina lake na maradhi yake, ni vigumu siku nyingine aambiwe kwamba bibi yule ni adui akaamini. Matofali yale humjenga mjengaji pia.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa mbili asubuhi, kuna umuganda. Mhitimu asiende tu kushika jembe na kupiga picha. Abaki kwenye mkutano unaofuata, asikilize malalamiko ya wananchi, aulize fedha za barabara zimefikia wapi, amsaidie mzee asiyejua kusoma kuandika barua yake kwa kiongozi wa selo. Raia mwema hufanya kazi, na pia huuliza maswali kwa adabu na bila woga. Nchi ambayo watu wake walitii amri mbaya kupita kiasi inahitaji vijana wanaoheshimu sheria na wenye dhamiri ya kusema hapana kwa lisilo halali.

Kwa mtoto wa mfanyabiashara wa mpakani, wajibu huo una sura yake. Kijana ajue kwamba ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo. Bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama, zikiwa na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani na zikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti cha uasilia mpakani hapohapo na hazitozwi ushuru wa forodha. Kodi nyingine zinaweza kubaki kulingana na bidhaa.

Wako akina mama ambao kwa kutojua hulipa dalali, au hupita njia za panya usiku wakihatarisha mzigo na maisha yao. Mtoto aliyesoma akikaa na mama yake jioni moja, akamweleza utaratibu huo na kumjazia fomu, ameifanyia nchi jambo kubwa. Akidai risiti ya mashine ya EBM anaponunua na kuitoa anapouza, amelipia sehemu ya dawati alilokalia mwenyewe. Asipomzidishia mteja bei kwa sababu ya lafudhi yake, hilo nalo ni uzalendo.

Kisha iko simu. Mwaka 1994 ilikuwa redio. Leo ujumbe wa WhatsApp wenye uchochezi huvuka mpaka haraka kuliko pikipiki. Kijana mwenye cheti anaaminiwa nyumbani. Wazazi humuuliza, "Hii habari ni kweli?" Akiusambaza uongo, ameupa muhuri wa usomi. Akiuzuia kwenye simu yake, hakuna atakayempigia makofi, lakini amefanya kazi ya ulinzi.

Na anayeomba sadaka hiyo?

Vijana wana haki ya kuuliza: mbona sisi ndio tunaombwa kujitolea, na ajira hazipo? Swali hili si utovu wa adabu. Wahitimu wengi hukaa mwaka, miwili, mitatu wakipeleka barua za maombi. Tumbo tupu halisikii hotuba.

Waliokulia Tanzania wanaweza kukumbuka kisa kilichotokea huko. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 10, 1963. Serikali ilipotaka wasomi nao walitumikie, na sehemu kubwa ya mshahara wao wa mwanzo ikatwe, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana Oktoba 22, 1966. Walilalamika kwamba wanabebeshwa mzigo huku wakubwa wakila mishahara minono.

Mwalimu Nyerere aliwakasirikia na kuwarudisha makwao wanafunzi zaidi ya 300. Lakini alifanya na jambo la pili. Alikubali kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno, akapunguza wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, mwaka 1967, likaja Azimio la Arusha. Utumishi huo ulisitishwa mwaka 1994 na kurudishwa mwaka 2013 kwa wanaohitimu kidato cha sita.

Watu wanaweza kubishana kama adhabu ile ilikuwa ya haki. Lakini kisa chenyewe kina fundisho kwa pande zote. Kijana akumbuke kwamba shule yake imelipiwa na wakulima wasiojua kusoma. Kiongozi naye akumbuke kwamba hawezi kumdai kijana sadaka ambayo yeye hataki kuitoa. Uzalendo hufundishika kwa mfano kuliko kwa kipaza sauti.

Kuhusu ajira, jibu la kweli ni kwamba uzalendo hautaleta kazi kwa siku moja. Wajibu wa serikali, mabenki na wenye mali unabaki palepale, wala usifichwe nyuma ya maneno matamu. Lakini kijana anayengoja ana chaguo la namna ya kungoja. Anaweza kukaa kijiweni akisikiliza watu wanaomtafutia mtu wa kulaumiwa. Anaweza pia kumsaidia mama dukani, kujiunga na ushirika, kufundisha watoto wa jirani hesabu, kujifunza ufundi. Wachochezi wa kila zama huanza kuvua samaki katika kijiwe cha kwanza, kwa hiyo kijana mwenye shughuli, hata ndogo, hawampati kwa urahisi.

Wito

Wazazi, msiishie kwenye kuku na soda. Mweleze kijana mlikotoka: kambi mlizokaa, majirani waliowaficha, na hata yale mnayoona aibu kuyasema. Mtoto asiyeambiwa ukweli nyumbani ataupata uongo njiani.

Walimu na viongozi wa dini, wasimulieni wahitimu kuhusu Nyange yote mawili, kanisa la 1994 na darasa la 1997. Mkisimulia moja tu mtakuwa mmewapa nusu ya somo.

Nanyi wahitimu, tunawaombea msikutwe kamwe na usiku kama ule wa Machi 18. Lakini swali lile hurudi kila siku katika sura ndogo. Hurudi mtu anapokuambia umtenge mwenzako kazini kwa sababu ya alikozaliwa, anapokutumia ujumbe wa kumtukana jirani, anapokutaka ucheke mama wa ng'ambo ya mpaka anapoonewa kwenye foleni. Kila mara mnaulizwa kama mtasogea upande mmoja ili mbaki salama.

Wanafunzi wa Nyange hawakusogea. Mitihani ya taifa mmekwisha kuifanya. Huu mtaufanya maisha yenu yote, basi anzeni kujizoeza leo.